Kikao cha Chumba cha Pili

Siku ya kipaimara cha binti yangu nilitumwa kuazima viti kwa jirani, hapo hapo Machame, vihamba viwili vya migomba kutoka kwetu. Nilikuwa nimeonja mbege, pombe yetu ya ndizi, tangu asubuhi, maana baba mwenye shughuli asipoonja, wageni watadhani ina kasoro. Nilionja kwa uangalifu mkubwa, kata baada ya kata.

Njiani nikasikia nyimbo, nikaona turubai, nikaingia. Nikapewa kiti cha mbele. Ulipofika wakati wa nasaha nilisimama nikaeleza jinsi nilivyompakata mtoto huyu siku aliyozaliwa, na jinsi anavyofanana na marehemu mama yangu. Nikalia. Watu wakapiga makofi. Mtoto mwenyewe, binti wa watu nisiyemjua hata kidogo, aliinama kupokea baraka zangu. Wenye nyumba hawakuniuliza kitu. Kwetu mtu mwenye kata mkononi haulizwi ametoka wapi.

Aliyetumwa kunifuata alikuwa binti yangu. Nilimkuta kwenye uzio wa mimea ya masale na gauni lake jeupe, amesikia yote. Tulirudi pamoja. Karibu na mlango wetu akasema, "Baba, hotuba ilikuwa nzuri."

Nimewahi kutukanwa na watu wazima wenye kipaji cha kutukana. Hakuna aliyenipata kama yeye.

Jumatatu niliposhuka mjini, Njoro, kwenye karakana yangu ya useremala, nilipitia kwanza zahanati. Muuguzi alikuwa mama mtu mzima. Nilimwamkia shikamoo, nikamwambia nimesikia kuna watu wanakutana ili kuacha pombe.

"Jumamosi, saa tisa alasiri," akasema. "Unaijua ile baa ya ghorofa?"

"Naijua."

"Ukiipita kuna grosari ya bia pale kona."

"Naijua."

"Mbele yake wanachoma kitimoto."

"Naijua, mama."

"Basi hutapotea. Ukumbi uko nyuma yake."

Jumamosi nikaenda. Kila mlango kati ya ile mitatu ulikuwa na mtu wa kuniita na kunivutia kiti. Nilifika ukumbini natoka jasho kama mpagazi.

Kulikuwa na vyumba viwili. Nikafungua cha kwanza. Watu kama kumi na watano walikaa duara, na mwenyekiti mwenye uso wa furaha akanikaribisha nijitambulishe. Maneno yangu nilikuwa nimeyafanyia mazoezi wiki nzima.

"Mimi ni mlevi," nikasema. "Nimekunywa miaka ishirini. Nimekuja mnisaidie."

Mwenyekiti akapiga meza. "Jamani, si tulilalamika kwamba kamati ndogo ya vinywaji haina mtu mwenye uzoefu?"

Wakanipigia makofi. Kumbe ilikuwa kamati ya harusi. Kabla sijajieleza, wakaniuliza wageni mia tatu watatosheka na kreti ngapi, na kama ukoo wa bwana harusi, watu wa Masama, wanakunywa kuliko sisi. Ninachoona aibu hadi leo ni kwamba nilijibu. Nilijibu vizuri, kwa mifano. Miaka mingi ilikuwa imepita bila mtu kuandika ninachosema, na sasa katibu alikuwa ananiomba nirudie polepole.

Mama mmoja mwenye hijabu, jirani wa familia ya bibi harusi, akaniinamia. "Kaka, unaowatafuta wako chumba cha pili. Mume wangu yuko huko. Toka tu, nitawaambia umepigiwa simu."

Chumba cha pili kilikuwa na watu sita na chupa ya chai. Kiongozi, dereva mstaafu wa malori, akanituliza. "Hapa hatutaji majina. Hakuna anayemjua mwenzake. Unatoka wapi?"

"Machame."

"Machame ipi? Ahaa! Wewe si mdogo wake yule mwalimu?"

Karibu na dirisha alikaa mama aliyeniuzia mbege miaka nenda rudi. "Nilikuwa naionja kabla ya kuwauzia," akasema. "Siku moja nikamaliza pipa, sijauza hata kata moja." Tukacheka, yeye kuliko wote.

Zamu yangu ilipofika nilikusudia kuieleza ile hotuba kama kichekesho, kama nilivyoieleza karakanani. Nilipofika kwenye gauni jeupe sauti ikakatika. Hakuna aliyepiga makofi. Mwanamume mmoja mkimya mwenye kofia, nadhani ndiye mume wa yule mama, akanimiminia chai.

Nikaendelea kwenda. Nyumbani, kukataa mbege ni kosa linalodai maelezo. Nikisema nimeacha, naambiwa najidai. Nikisema natumia dawa, wote wananihurumia na kuniletea soda. Mwezi wa nne tangu nianze nilianguka, nikanywa tena, msibani Masama, siku mbili nzima. Jumamosi nikarudi nikisubiri hukumu. Kiongozi akanitazama. "Umechelewa," akasema. "Chai imepoa."

Likizo iliyopita ya shule nilimweleza binti yangu ninakokwenda kila wiki. Alikuwa jikoni anamenya ndizi.

"Watu wanapona kweli?"

"Wengine."

"Na wewe?"

"Leo sijanywa."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kumenya. Baadaye kidogo akanisogezea kigoda na kisu kingine.