Risasi Nyepesi

Asubuhi ile mume wangu Bahati alikuwa akitengeneza chubwi, yale madonge ya risasi yanayozamisha nyavu. Tulikuwa tukiishi upande wa Fizi, mashariki ya Kongo, na sikuwa nimewahi kusikia jina la Barking, mtaa wa London ninakozeekea sasa. Mimi nilivuta mivukuto, Bahati akamimina. Binti yetu Neema, aliyekuwa ameng'oka meno ya mbele, alikaa kizingitini akimenya mihogo na kuimba.

"Mama Neema," Bahati akasema, "huyu mtoto ameichukua sauti ya baba yako. Tumwombee."

Tulicheka sote watatu. Vita tulivisikia kwa mbali tu, kwa midomo ya watu waliopita na magodoro vichwani. Bahati aliamini kwamba fundi wa majembe hana adui.

Wanaume wenye bunduki wakaingia uani kabla mihogo haijaiva. Aliyetangulia, waliyemwita Komanda, alikuwa kijana mwembamba, mwenye sauti ya upole kuliko ya mwalimu wa dini. Alitoa kwenye mfuko kalibu ya chuma, kuukuu, iliyofunguka na kujifunga kama koleo. Ndani yake palikuwa na tundu la kumiminia risasi za magobore.

Alieleza shida yake kama mteja. Baruti waliyokuwa nayo ilikuwa hafifu. Risasi zilizotoka kwenye kalibu ile zilikuwa nzito, zikianguka njiani kabla ya kufika. Na madini yenyewe, waliyoyatoa kwenye betri za magari, yalikuwa yanakwisha.

"Tunataka nyepesi," alisema. "Ibadilishe kalibu."

"Mimi ni mtu wa majembe, Komanda."

"Jembe linalima. Na hii inalima."

Kisha akamshika Neema mkono.

Hakumvuta. Alimwinua tu, kama mtu anayempeleka mtoto dukani. "Atakaa na sisi kule shuleni tulikopiga kambi," alisema. "Ukimaliza, ulete kazi, umchukue mtoto."

Neema alinitazama. Bado alikuwa na kisu cha mihogo mkononi. Komanda alikichukua, akaniwekea mimi kiganjani.

Nilikifunga kisu kwenye khanga, nikarudi kwenye mivukuto.

Bahati alifanya kazi bila kuinua kichwa. Alichonga kipande cha shaba, akakipachika ndani ya kalibu ili kupunguza nafasi. Risasi za kwanza zilitoka na mikunjo, kama uso wa kizee. Akaziyeyusha tena. Nilivuta mivukuto mpaka mabega yakafa ganzi, na kila moto ulipofifia niliona kama nimemuua mwanangu.

"Na zikienda kombo?" nilimwuliza.

"Watasema nimewahujumu."

"Na zikienda sawa?"

Akaongeza mkaa.

Tulikwenda shuleni pamoja. Komanda alishindilia gobore mwenyewe, akalenga mlango wa ghala la mahindi, mbali kuliko nilivyotarajia. Neema alikuwa amesimama ubavuni pake, mikono masikioni. Alikuwa ameshajifunza.

Mlio.

Mlango ulitoboka.

Komanda alimsukuma Neema kuelekea kwangu, taratibu. Halafu akamwekea Bahati mkono begani. "Fundi kama huyu haachwi nyuma," alisema.

Bahati aliniambia, "Mpe mtoto chakula." Wakaondoka naye, yeye amebeba kalibu. Sijamwona tena.

Tulivuka ziwa kwenda Kigoma, tukakaa kambini, na baada ya miaka kaka yangu aliyekuwa Peckham akatufanyia njia hadi London. Nilidhani hofu ingebaki ng'ambo. Lakini kabla ya mahojiano ya kuomba hifadhi, kaka alinikalisha jikoni, redio ikilia kwa nguvu ili watoto, wake na wangu, wasisikie.

"Usiitaje kalibu," alisema. "Sema shemeji alikuwa mkulima. Watasema mlitengeneza silaha, wakurudishe."

Mkalimani wangu alikuwa mama wa Tanga, mwenye ushungi wa kijivu. Afisa, mtu wa makamo, aliuliza kwa utulivu, na utulivu ule ukanikumbusha sauti nyingine. Nilijibu mkulima, nikajibu mkulima tena. Kisha akauliza: kwa nini walimchukua mume wako na kuwaacha wakulima wengine?

Swali lile halikuwa na jibu bila kalibu.

"Tulikuwa tukiyeyusha risasi," nilisema.

Mkalimani akasita. "Dada, risasi ipi? Madini, au ya bunduki?"

"Ilianza madini," nikasema. "Ikaisha ya bunduki."

Alifasiri. Afisa akaacha kuandika, akaniangalia. Nikamweleza yote, mpaka kisu cha mihogo. Nilipomaliza, mkalimani aliomba maji, akanipa mimi glasi ile.

Tulingoja miezi. Kila mlango wa chini ulipogongwa, nilimvalisha Neema viatu. Hatimaye tuliruhusiwa kukaa. Kaka alilia kuliko mimi. Mimi nilikwenda kulala, nikalala mchana kutwa.

Habari za Bahati zilinifikia msibani, hapa Barking, kwa mtu wa kwetu aliyewahi kutekwa na kundi lile. Alisema Bahati aliugua kuhara porini, wakamwacha chini ya turubai, akafa. Mpaka mwisho aliwamiminia risasi. Zilikuwa nzuri, alisema yule mtu, kisha akainama kwa aibu ya neno hilo.

Niliporudi nyumbani nilimwambia Neema. Sasa ni muuguzi, anakielewa Kiswahili changu chote na kunijibu kwa Kiingereza. Aliuliza kama baba yake aliua watu.

"Hakuinua bunduki," nilisema. "Lakini zile risasi ziliwafikia watu. Bila kalibu ile zingeanguka njiani."

"Kwa hiyo ni ndiyo?"

"Ni ndiyo. Na wewe uko hai. Sijui nimwambie nini mama wa upande wa pili, akiniuliza swali hilohilo kwa ajili ya mtoto wake."

Neema alivua viatu vyake vya kazi, akaja kitandani kwangu, akalala amenipa mgongo, kama alivyolala kambini. Nikamfunika. Nilisubiri mpaka pumzi yake ilipotulia, ndipo nami nikaanza kumlilia Bahati.