Mkanda wa Mashine ya Mwalimu Vénant

Watu wa Base Camp, hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, wana mazoea ya kumjua mtu kwa kile alichookoa siku ya kukimbia. Yupo aliyefika Nakivale na cherehani, yupo aliyefika na mlango wa nyumba yake. Mwalimu Vénant, Mungu amrehemu, alitoka Bujumbura na kompyuta. Wala si hizi za siku hizi za kukunja na kutia kwapani. Lilikuwa dude la miaka ya zamani, zito kama tofali, lenye vibonye juu na ubavuni mdomo wa kumezea disiketi, zile sahani ndogo za kuhifadhia kazi. Alilisafirisha ndani ya gunia la maharage. Maharage yaliliwa njiani, dude likafika. Kila mtu alicheka, na mkewe ndiye aliyecheka zaidi.

Vénant alipofariki, mashine ilibaki kwa binti yake Cansilde, fundi wa redio na simu mwenye kibanda karibu na soko. Aliiweka juu ya kabati, akaifunika kitambaa cha kufuma. Ilikuwa bado inawaka, lakini mdomo wa disiketi ulikuwa umekufa zamani, na kompyuta ya aina ile isiyosoma disiketi ni sawa na sinia. Wateja walimshauri aiuze vyuma. La kuvunda halina ubani, walimwambia. Cansilde alikuwa akiitikia kwa kichwa, halafu anaendelea na kazi yake.

Sasa sikiliza kwa nini hakuiuza. Ndani ya disiketi moja ulikuwamo wimbo wake. Katika ukoo wao kila mtoto hutungiwa wimbo wake wa kubembelezwa, na wimbo huo huimbwa mtoto akiwa mgongoni tu. Akishuka na kutembea, umekwisha. Maneno ya wimbo wa Cansilde aliyatunga mama yake, Adélaïde, mzaliwa wa mtaa wa Buyenzi kule Bujumbura, ambako hata majirani hugombana kwa Kiswahili. Mahadhi aliyatunga Vénant kwa vibonye vya mashine, akayahifadhi, akatamba mtaa mzima. Cansilde hakumbuki lolote. Nani hukumbuka mambo ya mgongoni? Alipokuwa mkubwa aliwahi kumwomba mama amwimbie, naye mama akamjibu, "Kwanza panda mugongoni, halafu niimbe."

Mzaha ule ulikuwa na raha yake mpaka mama alipoanza kusahau. Alianza na vijiko, akaja kwenye majina ya majirani. Asubuhi moja alimwita Cansilde kwa jina la Capitoline, dada ya mama aliyezikwa miaka mingi. Cansilde akavuta kiti, akamwomba tena ule wimbo. Safari hii mama hakutania. Aliyataja maneno makavu, kama mtu anayetaja vitu vya kununua sokoni:

"Nyamaza Cansi, mwana wa mwalimu. Mvua inyeshe kwa jirani. Huku kwetu kuna moto…"

Hapo akakwama. Akatazama viganja vyake. "Kulikuwa na ingine," alisema. "Imeenda wapi? Na sauti yake… sauti yake sina."

Cansilde aliogopa, na hofu yake ikageuka kuwa kani. Maneno yalikuwa yanamtoka mama moja moja, na mahadhi yalikuwa yamefungiwa katika mdomo uliokufa. Akichelewa, vyote viwili vitapotea, naye atazeeka bila kuujua wimbo wake mwenyewe. Siku hiyo hiyo aliteremsha mashine kabatini, akaifungua.

Ugonjwa ulijulikana mara moja. Ndani ya mdomo ule kuna mota ndogo, na mota huzungusha gurudumu la disiketi kwa mkanda wa mpira. Mkanda ulikuwa umeyeyuka, umekuwa lami. Aliikwangua lami ile kwa njiti, akasafisha kila pembe kwa pamba na spiriti, akapangusa pia kichwa kidogo cha kusomea, taratibu, kama anayemtoa mtoto tongotongo.

Kisha akafanya kosa la watu wa Nakivale. Hapa kwetu mpira wa baiskeli ni dawa ya kila ugonjwa. Unafunga kuni, unaunga kandambili, unaziba bomba, na wapo wanaoapa kwamba umewahi kushikilia ndoa. Cansilde alikata ukanda mwembamba, akaunganisha ncha kwa gundi ya kuzibia pancha, akauvalisha. Alikuwa na akili ya kutosha kutoitia disiketi ya baba. Alitia nyingine, ya mchezo wa zamani ambao hakuna aliyeucheza tena. Gurudumu lilizunguka likichechemea, maana kila mara kiungo cha gundi kilipopita kwenye mota, mashine ilishtuka. Akakata mwingine, mwembamba zaidi. Huo ulikwenda vizuri mpaka ulipopata joto. Gundi ikalegea, ikarukia kichwa cha kusomea, na kichwa kikaikwaruza disiketi kutoka ukingo hadi ukingo.

Aliitoa, akaitazama ile alama. Ingeweza kuwa ya baba. Alikaa chini kwenye sakafu ya kibanda, akajitukana kwa Kirundi, ambacho kina matusi mazuri kuliko Kiswahili. Halafu akasimama, akakipangusa kichwa cha kusomea ile gundi. Mpira wa baiskeli umeshindwa, basi atatafuta mkanda ulioumbwa kuwa mkanda, hata kama ni wa kwenda kuusaka mjini Mbarara.

Kesho yake alipata nafasi kwenye lori la matoke lililokuwa likitoka Rugaaga kwenda huko. Barabara ile ina mashimo ya kumtoa mtu meno, na kile chombo cha disiketi, alichokichomoa ndani ya mashine, hakikutaka kutikiswa. Basi alikizungushia taulo, akakifunga mgongoni kwa kitenge. Wanawake waliokaa juu ya mikungu walimsogezea nafasi. Mmoja akauliza, "Mutoto iko na miezi ngapi?"

"Huyu ni muzee kuliko mimi," alijibu Cansilde. Wakaguna na kutazamana, wala hakuna aliyeuliza tena.

Mbarara alielekezwa kwa Hamim, mzee wa Kiislamu aliyekuwa akitengeneza redio za kaseti nyuma ya msikiti tangu enzi ambazo redio zilikuwa redio. Hamim alipomwona mwanamke na kitenge mgongoni, alivuta benchi kivulini, akamwita bibi kwa lugha ya huko.

"Karibu, nyabo. Toa mutoto kwa jua."

Cansilde akafungua kitenge, akaweka mzigo mezani. Hamim aliuzunguka kwa macho, akacheka mpaka kofia ikamwenda upande.

"Nyabo, hii kitu ilikufa zamani. Kwa nini hapana nunua simu tu? Simu iko na nyimbo yote."

"Wimbo wangu hauko mu simu, mzee wangu. Uko fasi moja tu, na mulango wake ni hii. Niko natafuta mukanda. Nilitia mupira wa baiskeli, ukaharibu."

Hamim aliacha kucheka. Alileta kopo kubwa, akalifungua, na harufu ya poda ya watoto ikajaa dukani. Ndani yake mikanda ya kaseti ilikuwa imelala katika poda isishikane.

"Maaskari ya kambi ya Makenke zamani ilikuwa naleta redio hapa kila siku," alisema. "Sasa wote iko na simu. Mimi nasema tupa hii mikanda, roho nakataa. Jaribu."

Walijaribu pamoja. Mingi ilikuwa mifupi au mirefu mno. Mmoja ulienea sawasawa, Cansilde akashangilia, lakini alipozungusha gurudumu kwa kidole ukapanda ukingoni na kuruka. Ulikuwa wa pembe nne, na wa mashine ya baba ulikuwa bapa. Hamim akasema basi, labda arudi wiki nyingine. Cansilde akasema hana wiki nyingine, akaukunja mkono wa blauzi yake na kuzamisha vidole tena hadi chini ya kopo. Huko chini, peke yake, umegandana na poda, akautoa mkanda bapa. Akauvalisha. Akazungusha. Gurudumu likaenda kimya.

"Huyu mutoto nakwenda kupona," alisema Hamim, naye mwenyewe akasaidia kukifunga kitenge.

Nyumbani mama Adélaïde alikuwa mkekani, anachagua maharage. Cansilde alikirudisha chombo ndani ya mashine, akaiunga kwenye betri ya sola na televisheni ndogo ya kibandani kwake. Aliitia kwanza ile disiketi ya mchezo iliyokwaruzwa, akatazama inavyozunguka mpaka akaridhika. Ndipo alipoitoa ya baba katika mkebe wake. Akaipuliza vumbi. Akaisukuma ndani. Mashine ikakoroma, ikanyamaza, ikakoroma tena, na jina likatokea kwenye kioo: CANSI.

Akabonyeza. Ikatoka sauti nyembamba, ya bati, kama mbu anayejifunza kinanda. Hayo ndiyo yalikuwa mahadhi yake. Aligeuka kumtazama mama.

Mama alikuwa anatupa jiwe dogo kutoka kwenye maharage. Wimbo ukafika mwisho, na yeye hakuinua hata uso. Cansilde akashusha kidole kutoka kwenye vibonye. Amechelewa, alijiambia, mlango umefunguka nyumba ikiwa tupu. Lakini mwanamke aliyebeba chuma mgongoni juu ya mikungu ya matoke haachi baada ya mara moja. Akabonyeza tena.

Safari hii, karibu na mwisho, mkono wa mama ukasimama juu ya ungo.

"Hapana," alisema.

"Nini, mama?"

"Hapo. Amekosea hapo."

"Nani amekosea?"

"Vénant! Nani mwingine?" Macho ya mama yalikuwa makali, na yalikuwa yake. "Nilimwambia, kwa 'moto' sauti haipande, inashuka. Akasema, kesho nitatengeneza. Kesho, kesho, mupaka leo! Rudisha, nikuonyeshe."

Cansilde akarudisha. Mama akakaa wima, akaimba juu ya ile sauti ya bati, akiisukuma kama mtu anayemrekebisha mumewe mbele ya wageni. Nyamaza Cansi, mwana wa mwalimu. Mvua inyeshe kwa jirani. Huku kwetu kuna moto, na hapo mashine ikapanda, mama akashuka, akaishinda, na bila kukwama akaumaliza wimbo:

"Mama hajachoka kukubeba."

Cansilde alilia waziwazi, ameshika mdomo. Mama alimtazama kwa mshangao.

"Unalilia nini? Wewe si fundi? Basi mutengenezee hapo alipokosea."

Cansilde alijifuta uso. Kulitengeneza lilikuwa jambo dogo, la kubadilisha sauti moja tu.

"Kesho, mama," alisema.

"Kweli wewe ni mutoto wa Vénant."

Kesho yake aliiwasha mashine ilivyo, akakaa mkekani karibu na ungo, akasubiri. Kosa lilipofika, mama akainua kichwa, akaanza kugomba, kisha akaimba.