Mashine ya Kukata Mvua ya Akoth

Watu wa Rangwe wakitaka albamu ya arusi, au ya kumkumbuka mzee wao aliyetangulia, hawahangaiki mbali. Huulizia kwa Leonida, yule mama mpole aliyewahi kufundisha chekechea, na mtu yeyote pale sokoni atakunyooshea kidole: nyumba ya mlango wa kijani, nyuma ya posho mill. Ukiingia utamkuta mezani, miwani imeteremka puani, karatasi za manila za kila rangi zimemzunguka kama nguo za mitumba siku ya kufunguliwa belo.

Unamletea picha, naye anazipanga, anazibandika, anazikatia fremu za karatasi, na pembeni anatia maua na majani. Lakini si maua yanayowatoa watu Ndhiwa na visiwani huko waje kwake. Maua hata dukani yapo. Wanafuata jalada. Kwenye jalada Leonida hakati moyo wala njiwa, hukata jina. Simaanishi herufi za jina, namaanisha jina lenyewe. Wajaluo humpa mtoto jina kwa saa au hali aliyozaliwa nayo: Ochieng' ni wa jua kali, Adoyo ni wa wakati wa palizi, Ayoo alizaliwa njiani, Akoth ni wa mvua. Basi Leonida huuliza kwanza: hilo jua lilikuwa limefika wapi? Hilo shamba lilikuwa la nani? Akishajibiwa, huchukua mkasi wake mdogo akalikata jua hilo na shamba hilo. Ayoo wa huku hafanani na Ayoo wa kule, maana hawakuzaliwa kwenye njia moja.

Kazi hiyo aliifanya kwa utulivu miaka mingi, hata watu wakadhani mikono yake haizeeki. Kumbe inazeeka kama ya wengine. Kidole gumba cha kulia kilianza kwa kuuma asubuhi, kikaja kuuma mchana, mwishowe kikawa kinatetemeka kila akikibana kwenye mkasi. Daktari alimwambia kiungo kimelika, akipumzishe. Kumwambia Leonida apumzishe kidole ni kama kumwambia kuku aache kuchakura.

Akina mama wa kanisani, ambao karibu wote wana albamu yake nyumbani, hawakutaka kazi ile ife. Walichanga, wakakubaliana wamnunulie mashine ya umeme ya kukata karatasi, naye awafundishe mabinti zao. Lakini walimwambia wazi: ni mashine moja, na ikishanunuliwa imenunuliwa. Hakuna mchango wa pili.

Siku hizohizo Caren, mwanamke wa kisiwa cha Mfangano, alikuwa ameleta picha za marehemu mama yake. Mama huyo aliitwa Akoth, na familia ilikuwa inajiandaa kwa ibada ya kumkumbuka. Leonida alimpigia simu Chrispine, kakake Caren, mkubwa wa nyumba ile, akamwuliza habari za mvua aliyozaliwa nayo mama yao. Akapewa. Akakaa kuikata. Akaharibu karatasi, akachukua nyingine, akaharibu. Mistari ya mvua ilitoka imemegekamegeka kama jani lililopitiwa na viwavi. Hapo alijua kwamba akichagua mashine vibaya, basi. Atabaki mtu wa kubandika picha tu, na Akoth ataandikwa jina lake kwa herufi nono kama kibao cha hoteli.

Wakaenda Migori, yeye na Lorine, binti wa kaka yake, anayejua mambo ya simu na kompyuta. Duka lilikuwa la Bichage, Mkisii mmoja mchangamfu anayechapisha stika na kadi za arusi.

"Karibuni, mama. Mashine ni ya kukata stika ama kadi?"

"Ya kukata mvua," Leonida akasema.

Bichage akamtazama yeye, akamgeukia Lorine. "Mvua?"

"Utaelewa tu, bro," Lorine akasema. "Mimi mwenyewe ilinichukua muda."

Bichage alikuwa na mashine mbili. Ya kwanza ilikuwa nyeupe, mpya, inang'aa kama jino. Hiyo huiunganishi na kitu ila simu na intaneti, na ndani ya simu mna picha ambazo huwezi kuzimaliza ukiwa hai. Bichage akaandika neno la mvua. Zikaja: mwavuli, wingu linalocheka, viatu vya mpira, bata. Akagusa mwavuli, akalaza karatasi kwenye mkeka wenye gundi hafifu, akabonyeza. Wembe ukapita mbio, huku na huku, kabla hata Leonida hajakaa vizuri kitini ukawa umemaliza.

Akauinua ule mwavuli kwenye mwanga. Kazi ilikuwa safi, hakuna la kusema. Ukingo laini, kona zimekaa. Hata siku za ujana wake hakuwahi kukata kona namna ile.

"Ni mzuri," akasema. "Lakini huyu Akoth, mama yake alimzaa chini ya mwavuli?"

Lorine akaangua kicheko. Alipomweleza Bichage maana ya jina, Bichage naye akacheka. "Mama, kwetu kule juu mvua ni ya kila siku. Tungeita watoto hivyo, shule nzima ingekuwa Akoth."

"Na wangepitwa na masomo wote, maana mwalimu akiita mmoja wanasimama darasa zima," Leonida akamjibu.

Lorine hakutaka kuikatia tamaa ile nyeupe. Akapiga picha ya mvua mojawapo ambayo shangazi yake aliikata kwa mkono, akaitia ndani ya simu. Mashine ikakata kivuli cha karatasi pamoja na karatasi yenyewe, likatoka dude lenye ndevu. Bichage akasema inawezekana kulisafisha kwa kompyuta, polepole, ukiwa na intaneti nzuri.

"Rangwe intaneti ni ya kubahatisha, inakuja na kwenda kama mgeni wa mjini," Lorine akasema, sauti imeshuka.

Ndipo Bichage akaitoa ile ya pili. Ilikuwa imetumika, plastiki yake imeanza kuwa ya manjano. "Sitawadanganya," akasema. "Hii ni ya mkono wa pili. Ni polepole, na manila nzito sana itairudia mara mbili. Lakini ina jicho. Unaiwekea kitu ulichokata wewe, inakiangalia, inakata kama kilivyo. Haitaki simu, haitaki intaneti."

Leonida akafungua mkoba, akatoa mvua aliyoikata wiki ile, akailaza kwenye mkeka. Mashine ikaimeza taratibu, ikaitema. Bichage akaweka karatasi ya kijivu. Wembe ukaanza kutembea, kwa kujikokota, kama mtu anayesoma huku akifuata maneno kwa kidole.

"Umeona!" Bichage akasema kwa fahari. "Kama ilivyo!"

Leonida aliona. Ilikuwa kama ilivyo kweli. Kila mahali gumba lake lilipotetemeka, mashine nayo ilitetemeka. Haikuongeza, haikupunguza. Alikuwa amezoea kuuona ugonjwa wake mkononi; sasa aliuona umelala mezani kwenye karatasi safi, na mashine ingeweza kuurudia mara yoyote atakayo. Akaiweka chini ile karatasi, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya leso ingawa haikuwa chafu.

Lorine akasogea karibu. "Waya," akamwita, kwa neno lile la Kijaluo la kumwita shangazi, "chukua ile nyeupe. Ile haitetemeki."

Hakusema kwa ubaya. Leonida alijua hivyo, na ndiyo maana neno lilimwingia.

Akatoka, akasimama barazani mbele ya duka. Malori yalipita kuelekea mpakani, vumbi likatua kwenye viatu vyake, naye hakuliona. Alikuwa anawaza. Ile nyeupe haitetemeki, sawa. Lakini ile imeshakata shauri kuhusu mvua kabla hujaiambia neno. Kwake mvua ni mwavuli, na Mfangano nzima ikikataa, bado ni mwavuli. Hii ya manjano nayo haijui kitu, lakini inakubali kuambiwa. Shida ni kwamba inaambiwa na mkono gani? Na huo mkono ndio anao, hana mwingine, wala akina mama wa kanisa hawawezi kuuchangia.

Akakumbuka chekechea. Kule hakuwa akikata vitu vidogo. Alikuwa akikata tembo na ng'ombe wa kubandika ukutani, kwa mkasi mkubwa wa fundi cherehani, ule unaoshikwa kwa kiganja kizima, na bega ndilo linafanya kazi. Gumba halikuwa na neno kubwa la kusema pale.

Akarudi ndani. "Hii yenye jicho, inaweza kupunguza?"

"Bei?" Bichage akauliza, uso umebadilika.

"Wacha bei yako. Picha. Nikiipa kubwa, inaweza kunirudishia ndogo?"

"Hiyo ni rahisi. Mradi hiyo kubwa itoshee kwenye mkeka."

"Nipe mkasi wa kukatia mabango. Na kalenda ya zamani."

Akapewa. Akaketi, akashika mkasi kwa kiganja, kiwiko akakiacha huru, akawa anauzungusha ule ukurasa wa kalenda badala ya kuuzungusha mkono. Mvua ikateremka ndefu, imeinama, upande wa juu nyembamba na chini nene, kama inavyokuwa ikikaribia ardhi. Mtetemo ulikuwepo, ukitazama uliuona. Lakini Bichage alipoiweka ile mvua chini ya jicho, akaipunguza mpaka ukubwa wa jalada, mtetemo nao ulipungua pamoja na mvua. Haukuisha. Ulibaki kidogo tu, kama pumzi ya mtu aliyelala.

Lorine akaichukua ile karatasi, akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga, akakaa nayo sana. Aliporudi hakuitaja tena ile nyeupe.

"Hii ni yako, waya," akasema. "Ningeiokota barabarani ningejua ni yako."

"Mama, lakini watu wengi huchukua hiyo nyingine," Bichage akasema, kwa uaminifu wa muuzaji asiyetaka lawama. "Hii, kazi ikiwa nyingi, itakuchelewesha."

"Wacha watu wachukue hiyo nyingine," Leonida akasema. "Mimi na hii tutachelewa pamoja."

Ikafungwa kwenye katoni, ikaenda Rangwe.

Albamu ya Akoth ilikamilika kabla ya siku ya ibada. Jaladani Leonida alibandika nyumba ndogo ya nyasi, ziwa likiwa mkono wa kulia na kilima mkono wa kushoto, kisha juu yake akalaza ile mvua ya kijivu, imeinama kutoka kilimani. Caren na kakake wakaja kuichukua. Caren aliitazama, machozi yakamlenga, halafu yakakauka ghafla.

"Mbona mvua inatoka kilimani?"

"Ndivyo ilivyokuwa," Chrispine akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia."

"Ilitoka ziwani! Dani mwenyewe, nyanya aliyemzaa mama, alinieleza. Eti maji yalikuwa yanaingia mlangoni, wakaziba kwa mkeka."

"Caren, wewe ulikuwa wapi mama akizaliwa?"

"Na wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa umeshika taa?"

Leonida aliwaacha. Zamani ubishi wa namna hii ungemfanya asononeke, maana ungekuwa na maana ya siku nyingine nzima na mkasi. Sasa alimtazama tu Lorine aliyekuwa pembeni, na Lorine alikuwa ameshawasha mashine. Mvua ilikuwa karatasi yake peke yake, nyumba ikabaki mahali pake. Lorine akabonyeza pa kugeuza. Wembe ukaanza kujikokota, wale wawili wakaacha kubishana ili wautazame, na taratibu mvua ileile ikatoka imeinama upande wa pili.

Leonida akaibandua ya kwanza polepole kwa kisu cha mezani kabla gundi haijashika sana, akaibandika ya ziwani. Caren akapitisha kidole juu yake bila kuigusa. "Hapo sawa," akasema.

Chrispine alibaki anaitazama ile mvua ya kilimani iliyobanduliwa. Mtu mzima akitazama kitu namna ile huwa ameumia, na Leonida aliliona hilo. Akaigeuza albamu. Jalada la nyuma lilikuwa tupu. Akaipaka gundi ile mvua ya kilimani, akailaza pale, akaikandamiza kwa kiganja.

"Mvua haikunyesha upande mmoja tu wa nyumba," akasema. "Nendeni mkabishane nyumbani."

Wakashukuru, wakaaga. Leonida aliwasindikiza kwa macho mpaka kwenye kona ya posho mill. Chrispine alikuwa ameibeba albamu kifuani, upande wake, ule wa mvua ya kilimani, ukiwa nje. Na kila baada ya hatua chache Caren alinyoosha mkono akaigeuza.