Tangazo Lisilotaja Jina

Mama Vifungo alishona sare za shule miaka ishirini na minane, hadi macho yakaanza kukataa kuliona tundu la sindano. Akaamua kuiuza karakana yake kimyakimya. Mafundi wake sita wakijua mapema, watatawanyika. Shule zikisikia, zitapeleka vitambaa kwingine, na mnunuzi atabaki na kuta tupu. Kwa hiyo tangazo aliliandika mwenyewe: karakana ya ushonaji, wateja wa kudumu, namba mpya ya simu, basi. Anayetaka jina asaini kwanza karatasi ya kutunza siri.

Kuliweka mtandaoni alimwachia shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, mtu mwema asiyejua kunyamaza. Shemeji akaona tangazo limepooza. Akaongeza: "Ina mashine pekee mjini ya kutoboa matundu ya vifungo." Na mjini kote hakuna fundi asiyepeleka mashati yake kwa Mama Vifungo. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

"Shemeji, si ungeweka na picha yangu kabisa?"

"Nilitaka wajue ni kitu cha maana, shemeji."

Wakalifuta, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Saa sita mchana akaingia mshonaji wa barabara ya pili, mtu mwenye kijicho cha miaka mingi, shati moja mkononi. Akapaza sauti makusudi.

"Eti unauza, mama? Hawa nao wanajua?"

Mashine zote zikanyamaza. Mama Vifungo angeweza kukana; uongo ulikuwa tayari mdomoni. Akaona aibu, kisha hasira ikaifukuza aibu.

"Nauza," aliwaambia mafundi, si yeye. "Macho yamechoka. Niliwaficha, na hapo nimewakosea. Lakini atakayenunua atawachukua na ninyi, la sivyo siuzi hata uzi." Kisha akamsukumia mgeni karatasi. "Na wewe ukitaka kujua zaidi, saini hapa kama wengine. Siri yangu haijaisha kwa sababu wewe una mdomo."

Hakusaini. Alisimama na shati lake, akingoja mtu ampokee.

Fundi mkubwa, mama aliyejifunzia kazi humo humo, alilipokea bila kunyanyuka.

"Kaka, ukitoka hapo nje, ulikuja kutobolewa shati tu," alimwambia. "Tukisikia vingine, matundu yako utayatoboa kwa mkasi."