Mayai Chini ya Jani la Pamba

Justa alikuwa mpiga picha wa harusi na kipaimara katika kijiji kimoja cha Magu, mjane wa Kihaya aliyeolewa huko na mume akamfia huko. Asubuhi, umande haujakauka, ungemkuta amechuchumaa kwenye pamba na kamera yake, akingoja buibui amalize kufuma, au ua jeupe lianze kugeuka rangi ya waridi. Watu walimcheka hadi machozi. Mtu mzima anampiga picha mdudu!

Mwezi wa pili akaona mayai, madogo kuliko punje za chumvi, chini ya majani yaliyo jirani na vitumba. Siku ya nne yakawa funza. Justa alishikwa na hofu, akapita nyumba kwa nyumba akionyesha picha, akiwasihi watu wapulizie dawa mapema.

"Shemeji," Ngosha, mdogo wa marehemu mumewe, alimjibu, "sisi tumezaliwa kwenye pamba. Kwenu wewe ni migomba."

Aliyemsikiliza ni mmoja tu, wifi yake Wilhelmina. Walipulizia pamoja shamba zima, Justa akaumwa mgongo siku tatu.

Basi vitumba vya kijiji vikapukutika, shamba la Wilhelmina likabaki limestawi. Hapo ndipo roho za watu zilipojionyesha.

Kikao kikaitwa. Ngosha aliinua kamera juu. "Someni tarehe! Wiki tatu kabla hatujaona funza hata mmoja, huyu tayari anao. Alijuaje, kama si yeye aliyewaleta? Na wewe Wilhelmina, shamba lako limeponaje?"

"Wifi, waambie," Justa alisema. "Ilikuwa dawa ya dukani. Tulipulizia sote wawili."

Wilhelmina aliinamisha kichwa. "Alikuja na maji yake kwenye ndoo. Mimi sikujua ni kitu gani."

Aibu iliyoje! Fadhila za punda ni mateke, lakini punda angalau hana ulimi wa kusema uongo. Kamera ilipondwa kwa jiwe mbele ya mwenyewe, na Justa akaambiwa jua lisimzamie pale.

Alikuwa kando ya barabara akisubiri gari la Mwanza, Ngosha akamfuata, peke yake, akigeuka nyuma kila mara.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, "ile dawa ya kwa Wilhelmina inaitwaje?"

Justa alimtazama. Kumbe alijua! Tangu mwanzo alijua kwamba yeye si mchawi. Akamtajia jina.

Ngosha aliliandika kiganjani, akashukuru, akamtakia safari njema.