Shikamoo Aliyodaiwa Nelly

"Hata jina langu hawakuliweka, shangazi. Ile ripoti ya hoteli ya Watamu niliiandika mimi, kurasa tisini, na juu pamekaa jina la Gachanja peke yake."

"Na mimi leo uliliandika jina langu?" Kadii aliuliza, akiendelea kukuna nazi bila kumtazama. "Mhojiwa nambari kumi na moja. Ulisoma kwa sauti, nikasikia. Nimekulea tangu una miaka minne, leo mimi ni nambari."

Huu ni mwaka wa sita wa Nelly Ngala katika kampuni kubwa ya ushauri, mojawapo ya zile za Nairobi zinazolipwa kuwaeleza wenye biashara namna ya kuendesha biashara yao wenyewe. Safari hii yeye na mkubwa wake, Gachanja, walitumwa Gongoni, kuwahoji wafanyakazi na kupima muda wao, kwenye kiwanda kile kile cha chumvi ambako Kadii anakwangua. Sheria ya kampuni ni kwamba ukiwa na jamaa mahali, useme kabla ya kwenda. Nelly hakusema. Desemba anatazamia kupewa uongozi wa kikundi, akaogopa kuondolewa. Basi asubuhi hiyo alipomkuta shangazi yake kwenye madimbwi ya chumvi, alimpa mkono kama mgeni. "Habari yako, mama." Wanawake wote wakisikia.

Tusimwonee. Mshahara huo ndio ulioezeka mabati juu ya kichwa cha Kadii na kumfikisha Menza, mdogo wake Nelly, chuoni. Kazini huko ndiko mtoto aliyelelewa na mkwangua chumvi alikojifunza kuwauliza wakurugenzi mahesabu yao, sauti isitetemeke. Lakini ni kazi inayotaka kujua kila robo saa umeitumia kwa nani. Krismasi mbili amekula hotelini, kompyuta ndiyo jamaa yake. Mchumba wa Kilifi alingoja, akachoka, akaoa kwingine. Na kuwaita watu nambari alikuwa amekuzoea hata hajisikii.

"Ningesema wewe ni shangazi yangu wangeniondoa," alisema.

"Wakuondoe wapi, duniani?"

"Kwenye kazi hii. Na cheo nacho kingekwenda."

"Cheo sikudai. Nakudai shikamoo moja tu, mbele ya wale wale waliosikia ukiniita mama kama unayenunua mchicha kwangu."

Kesho yake Gachanja alikuwa kwenye tuta linalogawa madimbwi tangu saa moja, suruali ameikunja, akiandika muda ambao wanawake wanapumzika. Kadii alikuwa ameinama na reki yake, miguu ameivika mifuko ya plastiki. Hakuinua uso. Nelly alisimama kidogo kando ya mkubwa wake, kisha akashuka dimbwini na viatu vyake vya ofisi.

"Shikamoo, shangazi."

Reki zikasimama, moja baada ya nyingine. Nyaboke, aliyekwangua jirani na Kadii miaka yote, akaguna.

"Ni shangazi yako?" Gachanja aliuliza kutoka juu.

"Ndiye aliyenilea. Nilipaswa kukwambia kabla hatujaondoka Nairobi."

Gachanja akafunga daftari taratibu. "Tutazungumza garini."

Kadii alimtazama mtoto wa kaka yake, halafu akavitazama viatu, ambavyo vilikwisha kuanza kupata ukoko mweupe pembeni.

"Marahaba," alisema. "Sikudai tena. Haya toka humo, chumvi itakula hivyo viatu."