Kaka Deo Mbele ya Neandathali

Niliondoka Haltom City, pembeni ya Fort Worth, kwenda Houston kwa sababu moja tu, kumchukua kaka yangu Deo kabla hajapelekwa kwenye nyumba ya wazee. Alifundisha biolojia Iringa miaka ishirini, akanisomesha na mimi kwa mshahara huo huo, ndipo akamfuata mkewe Marekani. Mwaka jana kiharusi kilimpiga upande wa kulia, kikachukua mkono, mguu na maneno. Akili kilimwachia. Jumatano wifi yangu Agnes alinipigia simu kwamba kitanda kimepatikana kwenye nyumba ya wazee ya Sugar Land, na Jumatatu wanampokea. Mimi nahudumia wazee kwenye nyumba ya namna hiyo hapa Fort Worth, najua ndani kukoje. Nikaapa kwamba kaka yangu hataingia humo nikiwa hai.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi. Jirani yangu Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, alinikuta nashuka ngazi na mkoba.

"Dada, ule kaka yako hatembei. Utamupandisha huku juu namna gani? Escalier iko mingi sana."

"Mungu atasaidia, mama."

"Mungu anasaidiaka, lakini hatabeba mutu."

Nilimkasirikia hadi Corsicana, kwa kuwa alikuwa amesema kweli.

Baada ya Corsicana mvua ilianza. Barabara ya 45 imenyooka, haikupi kazi ya kufanya zaidi ya kuwaza, nami niliwaza pa kuweka kitanda. Kufika Huntsville nilikuwa nimeshaitoa sofa, nimeshaisogeza meza, nimeshamlaza kaka dirishani. Ngazi kumi na nne sikuwa nimezipatia dawa.

Alief, mtaa wao wa Houston, karibu saa sita mchana. Nilimkuta kwenye kiti cha magurudumu, amenyolewa ndevu, amevaa shati la kanisani. "Shikamoo, kaka." Akaniwekea mkono wa kushoto kichwani, akaniacha nilie. Jioni tulimtoa chooni mimi na wifi, wawili, na mimi ni mtu wa kazi hiyo, bado akatuponyoka. Akakaa sakafuni, suruali magotini, akiutazama ukuta ili asitutazame sisi.

Jikoni wifi alisema bila kuinua macho kwenye sufuria. "Wifi, usidhani simtaki. Mimi nina-work double, zamu mbili kwa siku, na insurance hailipi mtu wa kuja nyumbani. Mgongo wangu huu umekwisha. Wewe uko peke yako, tena ghorofani. Utaweza?"

Nilimenya vitunguu, na moyoni nikawa nimeshashindwa, ila sikumwambia mtu.

Jumamosi asubuhi wifi alikwenda kazini. Kwenye friji yao palikuwa na tangazo la maonyesho ya binadamu wa kale, na kaka alilinyooshea kidole mpaka nikaelewa. Kumwingiza garini kulinitoa jasho. Jumba la makumbusho lilikuwa mjini kati, lina ubaridi wa kiyoyozi na watoto wengi wanaokimbia.

Nilitegemea kuona lile jitu la katuni, lenye manyoya hadi kwenye visigino, limeinama, rungu begani, linamburuta mke kwa nywele. Badala yake alisimama mtu, sanamu ya Neandathali, mmoja wa binadamu wale wa kale. Mfupi, kifua kipana, mfupa wa nyusi umejitokeza, lakini amesimama wima, na uso wake ni wa mtu ambaye ungemsalimia kituoni.

"Huyu nyani naye," nikaanza.

Kaka akapiga mkono wa kiti. Paa!

"Haya, mwalimu. Mtu."

Akatikisa kichwa kukubali, akaonyesha maelezo ukutani. Kusoma Kiingereza alikuwa bado anasoma, ila alitaka sauti, kwa hiyo nikawa mwanafunzi wake tena, namsomea kwa Kiswahili. Kwamba Neandathali waliishi Ulaya na Asia kwenye baridi kali. Kwamba ubongo wao haukuwa mdogo kuliko wetu. Waliwasha moto, walikwangua ngozi, walifunga ncha za mawe kwenye mikuki, waliwinda wanyama wakubwa kuliko wao. Na ule mgongo wa kuinama? Mtaalamu mmoja wa zamani alichunguza mifupa ya mzee mwenye ugonjwa wa viungo, akadhani kabila zima lilitembea vile. Kaka alicheka kwa ule upande wa mdomo unaocheka.

Kabati la mwisho lilikuwa na nakala ya mifupa iliyochimbwa pangoni huko Iraki. Nilisoma kwamba huyu aliumia vibaya na akaishi miaka mingi baadaye. Mkono wa kulia ulikauka, jicho moja huenda halikuona, mguu ulichechemea, na alikufa akiwa mzee kwa hesabu za watu wake. Mstari uliofuata niliuona, nikauruka. Nikaendelea na habari za milima na pango.

Kaka akaweka kidole kwenye kioo, juu ya mstari ule ule.

"Twende, kaka, nimechoka."

Akagonga kioo. Watu wakageuka. Akagonga tena, kama alivyokuwa akigonga ubao darasani, na sikuwa na pa kukimbilia. Nikausoma: kwamba mtu yule asingeweza kuishi hivyo bila wenzake kumlisha na kumlinda.

"Kaka," nikasema, "sitaweza kukuchukua."

Akashusha mkono, akauweka juu ya ule uliokufa. Njia nzima hadi Alief alitazama nje.

Jumatatu, Sugar Land. Mama aliyetupokea alituuliza sisi, si kaka, kwa sauti kubwa, kama huyu mgonjwa anaelewa. Swali hilo mimi huwauliza ndugu wanaoleta wazee wao kazini kwangu kila wiki, na sikuwahi kulisikia lilivyo. Nikasema anaelewa kuliko sisi. Wakati wa kuondoka kaka alinishika mkono wa shati. Nilivibandua vidole vyake kimoja kimoja, taratibu, kama tulivyofundishwa kazini.

Nilirudi kaskazini mchana ule ule. Tukitaka kumtukana mtu husema anaishi kama mtu wa pangoni. Watu wale hawakuwa na gari wala daktari. Walifuata wanyama kwa miguu kwenye theluji, na kilema wao alizeeka katikati yao. Mimi nina gari, nina cheti cha kutunza wagonjwa, na nina sababu. Sababu zote ni za kweli, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Alhamisi wifi alipiga simu.

"Deo hali chakula. Wakimpelekea kijiko anafumba mdomo. Wanauliza kama kuna mtu wa family anayeweza kuja kumlisha. Mimi niko job, wifi. Wewe uko off lini?"

Nilitazama ratiba ya zamu ukutani.

"Jumamosi," nikamwambia. "Si hii. Ile nyingine."